Nukta Nyekundu

Simu ni yangu. Bando ni langu, la shilingi mia tano,
nililoweka nimpate mteja wangu wa Nkuhungu.
Jioni naikuta ina moto kama jiwe la mafiga,
chaji asilimia nne,
na Sechelela anajifanya kuchambua mlenda.

Ni ramani, baba. Ya vijana.
Ukiona kisiki unapiga picha, unaweka nukta.
Mwenzako usiyemjua, yuko Kongwa, yuko Kondoa,
anakujibu: huku kwetu pia.
Au anauliza: huo ulikuwa mgunga au mkwaju?
Wanabishana hadi usiku, watoto wa kidato cha pili,
juu ya miti iliyokufa,
kama sisi tunavyobishania Simba na Yanga.

Nikacheka. Nikasema, haya, nionyeshe Handali.

Akasita.
Kidole kikapanda kilima polepole,
kama mtu anayevuka korongo lenye matope.
Nukta, nukta, nukta. Handali ina surua.

Nikaijua njia yangu.
Hapa nilipumzika. Hapa baiskeli ilikatika mnyororo.
Hapa tanuru la Januari, lile la magunia kumi na moja:
tukalipa ada, tukanunua na hii simu.
Mstari wote ni nyayo zangu,
na unapoishia, kwenye paa lenye bati tatu mpya,
nukta moja, kubwa kuliko zote.

Nani kaiweka hii?

Akarudia kuchambua mlenda
uliokwisha kuchambuliwa.
"Mimi."

Chini yake watu wameandika.
Wa Mpwapwa: mwenye tanuru akamatwe.
Wa Bahi: faini, halafu apande miti mia.
Na yeye, bila kutaja jina langu:
"Huyu anamlipia mtu ada.
Mnaojua kazi nyingine, andikeni hapa."

Majibu kumi na saba.
Nyuki. Zabibu. Nyuki tena.
Mmoja kasema bodaboda, utadhani pikipiki inaota shambani.
Mmoja, mtoto wa Kondoa, kapiga picha mzinga wa babu yake
pande zote nne, na kipimo cha mdomo wake kwa vidole.

Sikusema kitu.
Alfajiri nilikwenda porini kama kawaida, shoka begani,
maana mtu wa Nkuhungu keshalipa nusu.
Ila nilipita dukani kwanza, nikaweka bando la elfu moja,
na simu nikairudisha nyumbani,
nikaiacha juu ya daftari lake.