Mkono wa Koti

Jumanne Bogumiła hufungua marobota
katika kiwanda cha matofali mekundu, Łódź:
makoti ya wazimamoto, aproni za wachomeleaji,
fulana za kuzuia risasi zilizopitwa na tarehe.
Zipu kwanza. Kisha vifungo. Kisha utepe ung'aao,
unaobanduka kama gaga la kidonda.
Chini yake, uzi wa manjano.

Uzi huu una kiburi.
Mkasi huutafuna kama kibogoyo atafunavyo muwa.
Visu vya mashine huwa butu kabla ya saa nane,
na fundi Zdzisław huutukana polepole,
kwa heshima, huku akitafuta spana.
Hauyeyuki. Ukiuwashia kiberiti
unakutazama tu.

Lakini uusahau dirishani msimu mmoja,
kwenye jua la huku, jua la kuazima,
linalopita juu ya mapaa kama mdaiwa,
nao hugeuka kahawia,
hukatika mkononi bila kelele.
Ndiyo maana mapazia yetu hayafunguliwi.
Mimi hufagia gizani.

Leo, ndani ya kola, wino uliofifia: R. Wilczak.
Hamjui. Hata mimi simjui.
Mkono wa kushoto umeungua hadi kiwiko,
nje makaa, ndani kitambaa kizima.
Bogumiła anapitisha mkono wake ndani ya mkono huo,
taratibu, mpaka vidole vinatokeza upande wa pili.
Anavichezesha.
"Alitoka," anaiambia mizani.
Mizani inajibu: kilo mbili na robo.

Kilichoungua anakikata, anakitupa.
Kilichobaki kinaingia menoni mwa mashine,
kinatoka kama sufu ya kondoo asiyezaliwa popote.
Nyuzi zimekuwa fupi. Risasi hazitazizuia tena.
Zitachanganywa na changa, zisokotwe,
ziwe glavu za watu wa Krosno
wanaoshika vioo kabla havijapoa.
Wilczak atakuwa jozi ngapi, sijui.
Hakuna atakayeandika jina kwenye glavu.

Saa ya chai.
Kwenye sweta yake umenasa uzi mmoja, wa manjano.
Anauvuta. Anauzungusha kidoleni, anavuta tena,
kidole kinaanza kuwa cheupe.
Anajaribu kwa meno.
Ananitazama, anacheka,
anauacha uning'inie.