Yule Mtumwa Naye Alichimba

Mwezi wa kumi, Bahi.
Mto wetu unaitwa Bubu, na mwezi huu ni bubu kweli:
mchanga tu, kwato za mbuzi,
na kandambili moja iliyoachwa na mafuriko ya mwaka jana.

Sechelela Malogo huja kabla jua halijapata makali.
Hapimi kwa kamba. Hutembea pekupeku,
husimama, hurudi hatua mbili
kama mtu aliyesahau kitu jikoni,
kisha husema, "Hapa," na kuinama.
Wengine huchimba mpaka kiunoni wakaambulia vumbi;
yeye akifika kiwikoni, mchanga hubadilika rangi.

Nilimuuliza amefundishwa na nani.
"Nyayo zangu zinasikia baridi," alisema.
"Sikuziomba. Nilizaliwa nazo."
Shimo la kwanza si lake. Ni la bibi Mbeho asiyeona,
la pili la zahanati,
la tatu, kama mgongo bado unakubali, la kwake.

Mimi nilikuwa karani wa stesheni miaka thelathini na mmoja.
Namba hunijia zenyewe, kama kuku wajuao saa ya kulala:
uzito wa magunia ya mpunga, nauli ya Manyoni, chenji,
bila karatasi.
Mchungaji Ndahani ameniomba mara tatu
niwafundishe hesabu watoto wanaofeli,
pale nyuma ya kanisa, jioni.
Mara tatu nikamjibu, "Tutaona, Mungu akipenda,"
nikimsingizia Mungu woga wangu.
Maana wakinicheka je,
mzee mwenye suruali ya shirika la reli?

Jumapili likasomwa somo la mtumwa wa talanta moja.
Nimelisikia tangu utotoni, likinipita kama treni isiyosimama Bahi.
Safari hii lilifunga breki.
Alichimba. Neno hilo.
Yule mtumwa naye alichimba!
Alishika jembe, alitoka jasho,
pengine alipata na malengelenge.
Sechelela huchimba ili kitu kitoke;
yeye alichimba ili kitu kisionekane.
Jembe ni lile lile. Udongo ni ule ule.

Jumatatu nilishuka mtoni, nikamwambia, "Mbukwa."
Hakuinua kichwa. "Shika ukingo huo, mchanga usibomoke."
Nikashika. Maji yalikuja polepole, yenye rangi ya chai,
kata moja, akangoja,
kata nyingine.
"Ukikiacha siku mbili bila kuteka," alisema,
"kinajifukia chenyewe."
Alikuwa anazungumzia kisima.

Jioni nilichukua chaki kwa Chiwanga, kwa mkopo.
Walikuja watoto watatu,
mmoja wao akimfuata tu mbuzi aliyeingia uani.
Nikaandika saba mara nane ubaoni.
Mkono ulitetemeka, chaki ikakatika.
Yule wa mbuzi akainama, akaiokota,
akanirudishia vipande vyote viwili.