Wikio

Mkomani, ukipisha
punda, jicho ukirusha
juu, wikio lavusha
wanawake faraghani.

Letu mama aliziba,
tarehe saba Rajaba,
kwa chokaa ya kushiba
na mawe ya baharini.

Kidani kilipotea
arusi ikisogea;
mama akamwelekea
Zena: "Mwizi!" hadharani.

Zena naye hakukosa
jibu: "Umeuza, sasa
wanitwika mimi kosa
mbele ya hawa wageni."

Miaka kumi na mbili.
Bibi akafa; wawili
walilia mbalimbali,
kila mmoja chumbani.

Na mimi nikinyamaa.
Nikakua, nikavaa
kanzu; nikaswali jamaa,
na siri iko tumboni.

Nilikuwa wa miaka
minane. Nilikishika
kidani, nikamvika
paka wetu wa jikoni.

Paka akaruka dari,
paa la pili, hodari;
akarudi Alasiri
bila chochote shingoni.

Kweli niliifumbata
kama kaa; ikanata;
niliogopa kuleta
bakora ya mgongoni.

Juzi, chini ya wikio,
moyo wangu wenda mbio,
nikataka masikio
ya wawili: "Sikizeni.

Si Zena, wala si mama.
Ni mimi." Na nikasema
paka, dari, na hatima,
na watu tele njiani.

"Paka!" akacheka Zena
hadi akashindwa nena,
akalia; mama tena
akaketi barazani.

Asubuhi, tindo, nyundo.
Nikasikia kishindo:
mama kafunga, kwa pindo,
leso yake kiunoni.

Jiwe moja likatoka.
Mkono ukachomoka
wa Zena; ukamshika
dada yake mashavuni.

Hawakubomoa lote.
Tundu lapisha mkate
na maneno, siyo yote
yaliyokaa rohoni.

Nami? Bado sijaitwa
kwenye mkeka. Napitwa;
sahani yangu huletwa,
huwekwa tu mlangoni.

Ila nalala. Nalala
nikisikia suala
la Zena: "Je, umekula?"
likipita ukutani.