Jino Juu ya Bati

Saa moja na nusu, Isongole haina mlima.
Ukungu umeumeza Rungwe, umemeza na bendera,
umebakiza mlingoti hadi kifuani,
na watoto wanatoka humo mmoja mmoja:
sweta kwanza, kisha pua, kisha shikamoo.

Nafuta kamasi kabla ya kuita majina.
Leo sitini na wanane. Jana sabini na mmoja.
Watatu wako shambani, viazi vinachimbwa;
wadogo kiasi hiki
hukalia magunia matupu yasipeperuke.

Kwenye andalio la somo nimeandika:
Kuhesabu, moja hadi tatu. Zana: vizibo.
Vizibo mia mbili vya soda na bia, nilivyookota
nyuma ya kilabu cha Mama Tusekile,
nimeinama kama mlevi aliyedondosha nauli.

Moja, nasema. Moja, wanasema.
Mbili. Mbili, hata ukuta unaitikia.
Subilaga hasemi.
Tangu Januari hasemi. Alikuja na Kinyakyusa chake,
amekifunga kwenye ncha ya kanga kama hela ya chumvi,
wala hapa hakifungui.
Namsalimu kwa hicho hicho mlangoni, mkuu akiwa mbali:
Ugonile, Subi?
Naye huvitazama viatu vyangu
kana kwamba ndivyo vilivyosema.

Ndipo Ipyana akafika kwenye tatu,
na tatu ikatoka na jino.

Damu kidogo, kelele nyingi.
Akaniletea kwenye kiganja, limelowa, dogo kuliko punje:
Mwalimu, kwetu upepo umeezua bati,
tumefunika turubai.
Nitamrushia wapi panya?

Hili sikufundishwa chuoni.
Tulifundishwa hatua za makuzi ya mtoto,
kila hatua na jina lake, na mtihani nikapata B.
Hakuna aliyesema kwamba siku moja nitasimama
kwenye tope la Machi, jino mkononi,
watu sitini na wanane nyuma yangu
wakingoja nitende haki.

Nikarusha.
Bati la shule lina mteremko, na umande;
jino likagonga ngo! likateleza,
likarudi miguuni petu kama mbuzi aliyekumbuka kamba.
Moja! wakasema. Sikuwauliza.
Nikarusha tena. Likashuka tena. Mbili!
Mkuu wa shule akatokeza kichwa dirishani,
akakitazama alichokitazama,
akakirudisha ndani.

Safari hii nikavua kiatu, nikapanda jiwe la kunolea mapanga.
Likapaa.
Likakwama kwenye msumari, au kwenye kutu,
au panya mwenyewe alichoka kusubiri.
Tukanyamaza wote, tunalisikiliza bati.

Na katika ukimya ule, chini, karibu na goti langu,
sauti kavu, kama komeo la ghala lililolala msimu mzima:
Tatu.

Sikugeuka.
Ndege akitua kwenye mpini wa jembe lako
humpigii makofi.
Nilitafuta kiatu changu kwa kidole cha mguu,
taratibu, kirefu kuliko ilivyohitajika,
nikasema Ndaga, kwa tope, kwa kiatu, kwa yeyote aliyesikia,
kisha nikawaita kwenye uji.

Uji ulikuwa na mabonge. Sukari iliisha Ijumaa.
Ipyana alikunywa kupitia pengo,
akapuliza povu, akaambukiza darasa zima.

Sasa ni jioni. Koroboi inavuta moshi, magoti yameshika baridi.
Najaza kipengele cha tathmini:
Wengi wamefikia lengo.
Changamoto: zana hazikutumika.
Kalamu inasita hapo.
Hakuna kisanduku cha kuandika nani amesema,
wala kwa sauti gani.

Nne na tano, naandika, kesho.
Gwamaka ana moja linalolegea.