Kipimo cha Bidoni

Siku boti ilipotoboka bandarini
mazutu yalitanda juu ya Kivu, zambarau, kijani,
na watoto wa Nguba wakashangilia
upinde wa mvua umeshuka kunywa maji.

Shangazi Nsimire alirudi saa nne, beseni bado limejaa.
Sambaza zilezile, fedha ileile ya magamba,
ila kila mteja aliinua moja, akainusa,
akairudisha taratibu
kama anayerudisha mtoto wa watu.
Usiku akazikaanga, tukala na bugali.
Hatukusema neno. Ulimi ulijua.

Tume ikaja na mabuti na kalamu.
Wakaandika: boti. Wakaandika: nahodha.
Lita ngapi? Wapagazi wakabishana,
mia nne, mia sita, mmoja akaapa elfu.
Mimi nilisimama nyuma, mikono mifukoni.

Kwa maana mimi ni fundi.
Miaka kumi na moja chini ya magari, pale Esanse
(naam, mtaa wetu unaitwa petroli,
tulibatizwa humo kabla hatujazaliwa),
na kila jioni nainamisha bidoni juu ya mfereji.
Oili iliyochoka, nyeusi, haina haraka.
Inapita chini ya kidaraja ambako Mama Cito hufua nepi,
inalamba lengalenga za yule mjane,
inaingia kijitoni, na kijito hakijui kutunza siri:
humwambia ziwa kila kitu.

Nilipiga hesabu kwa chaki ukutani mwa gereji.
Lita tano, siku mia tatu, mara kumi na moja.
Nikaifuta kwa kiwiko kabla bosi hajaingia.
Boti ile ni kitoto.

Nahodha yuko ndani hadi leo.
Mke wake hupita gerejini kuomba franga za kumpelekea chakula,
nami humpa. Humpa nyingi kuliko anazoomba,
naye huniita mtu wa Mungu.

Jana shangazi alinishika mkono mezani.
Nilikuwa nimenawa kwa omo, kwa mchanga, kwa ndimu.
Akakiinua kiganja changu, akakinusa,
akakirudisha taratibu.

Leo sikumwaga.
Bidoni liko chini ya kitanda changu, nimelifunika gunia.
Kesho kutakuwa na la pili.
Nimeuliza wenzangu wapi pa kulipeleka,
wakacheka, wakanionyesha mfereji.