Inchi Ngapi

Nilimpelekea Mwantumu kitambaa cheupe, mita tatu,
Barabara ya Nane, Ngamiani, kibarazani kwake.
Baiskeli nikaiegemeza kwenye nguzo ya umeme,
nikamwambia: nishonee nguo ya mtu aliyefanikiwa.

Hakucheka. Alitoa pini mdomoni, moja moja,
akazichomeka kwenye pindo la kanga yake,
akauliza:
Huyo aliyefanikiwa ana mabega inchi ngapi?

Mwaka wa sita huo nadeki maabara ya zahanati.
Chupa nazijua kwa rangi za vifuniko,
najua darubini ipi imeingia ukungu,
najua nani huondoka bila kuzima taa.
Na kila Januari naandika nyuma ya kalenda:
Mwaka huu nibadilike. Niwe mtu. Nisonge mbele.
Kufika Machi, karatasi imefungia karanga.
Malengo yangu yalikuwa wageni wa Tanga ile ya usemi,
waja leo, waondoka leo,
hata chai hawanywi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikajitetea,
"nami nimeinama, Mwantumu, mgongo shahidi."

"Umeinama, ndiyo. Mvungu wa kitanda gani?"

Akaja mteja anadai blauzi yake ya harusi,
wakagombana juu ya kola. Nikaondoka na kitambaa changu.

Usiku nikaitandaza kalenda sakafuni,
nikaandika yote ninayoyataka, kisha nikaanza kufuta.
Duka la jumla: hilo la kaka Mbwana, ndoto yake, si yangu.
Nyumba ya ghorofa Raskazone: niliiona nikipita,
nikadhani kila kinachong'aa ni njaa yangu.
Kuolewa tena kabla ya Shaabani: huyo ni mama.
Likabaki moja, limejikunyata pembeni:
ile stuli ndefu ninayoifuta vumbi kila asubuhi,
niikalie.
Jicho kwenye darubini, nisome damu ya mtu,
niandike jibu kwa mkono wangu, nitie sahihi.

Hapo ndipo futi ikapata pa kushika.
Chuo kinataka Kemia, na Kemia yangu ni F,
imekaa kwenye cheti miaka kumi na mmoja kama kovu la chanjo.
Basi, Kemia. Jumatatu na Alhamisi, saa moja usiku,
kwa mwalimu Shekiondo, Chumbageni, nyuma ya mashine ya kusaga.
Elfu tatu kwa wiki, kopo la maziwa ya unga.
Mtihani Novemba.

Mwantumu aliisoma karatasi kama asomavyo vipimo,
midomo ikicheza bila sauti.
Akaandika kwa chaki kwenye ubao wake wa tarehe,
kati ya sare za shule na gauni la bibi harusi:
Koti jeupe. Novemba.
"Hili sasa," akasema, "mkasi unaliona."

Novemba ikaja na homa ya mwanangu.
Niliingia chumba cha mtihani sijalala siku mbili,
ile mizani ya milinganyo ikinichezea machoni.
Matokeo yakatoka. F.
F ile ile, kwa mwandiko nadhifu zaidi.

Nilikusudia nisipite Barabara ya Nane,
lakini baiskeli ina mazoea yake.
Koti lilikuwa limetundikwa, bado halina mikono.
Mwantumu hakunipa pole.
Alinizungushia futi kiunoni, akakunja uso:
"Umeongezeka inchi moja na nusu.
Nilikuwekea akiba ya mbili kwenye mshono.
Nani anamkatia mtu mzima nguo bila akiba?"
Kisha akaugeukia ubao,
akafuta Novemba kwa kiganja,
akachukua chaki,
akaandika Novemba.

Leo Jumatatu. Saa moja kasorobo.
Tairi la nyuma lina pancha.
Natembea.