Julai, Keki Moja

Nnaandika juu ya keki. Ndiyo kazi yangu,
Ruwi, duka lililobanwa baina ya kinyozi na wakala wa kutuma fedha.
Bwana Sukumaran anaumua unga, anapiga mayai;
miye hushika koni ya karatasi
nikaminya heri za watu, herufi kwa herufi, kwa sukari.

Desemba mkono haupumziki.
Wauguzi wa Kifilipino huja na sare zao:
"Namba nne tu za mwaka, na maua pembeni."
Sifuri nnaipenda. Sifuri haikosewi.

Machi ni Bi Mahrokh, anayetaka keki ya kijani
kama ngano aliyoiotesha sahanini, dirishani kwake.
Huniandikia Nairuzi yake nyuma ya risiti, niigize,
kwani nukta moja ikikimbia, asema,
nimempa mwaka wa mtu mwengine.

Aprili tajiri mwenyewe haingii dukani kwa macho yake.
Mkewe humfumba kwa viganja, humwongoza hadi kaunta
penye kioo, tango, sarafu, maua ya manjano
(ya plastiki; ya kweli yalikwama uwanja wa ndege),
kisha humfumbua: jicho la kwanza la mwaka lione chema.
Mwaka jana liliniona miye, nimeshika ufagio.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Septemba, Ijumaa yake ya mapumziko, Zewditu wa Qurum.
Kwao mwaka umebaki nyuma ya huu wa benki kwa miaka saba.
"Huo mliokwisha kuutupa," asema,
"sisi ndiyo kwanza tunaufungua."
Hununua kipande, si keki.
Nnamwandikia juu ya kipande.

Wabaniani wa Matrah, taa za Diwali zikizimika,
hufungua daftari jipya la hesabu
na hutaka keki ya mraba kama daftari.
Na Muharamu? Muharamu hauagizi keki.
Unazunguka, mara uje na joto, mara uje na baridi,
unapita mlangoni kimya. Simu inalia mara moja,
ami yangu wa Nizwa: Kullu aam wa antum bikheir.
Nami: Wa antum bikheir. Basi.

Julai hakuna mwaka wa mtu. Ndivyo tulivyojua.
Nje joto arubaini na sita, kiyoyozi kinadondosha maji ndooni,
akaingia kijana, kofia imelalia sikio,
akaniuliza kwa Kiarabu kama nnaweza kuandika ile lugha ya bibi.
Bibi yake, Mabela, tangu alfajiri amezima jiko la gesi,
amelisugua kwa ndimu, amekataza chai,
na nyumba nzima hakuna anayethubutu kuliwasha.
"Anasema mwaka unakogwa. Neno hilo tu ndilo nililolishika.
Kogwa."

Nikaishika koni, nikasimama kama mgeni.
Nimeandika miaka ya watu wote wa mji huu.
Wangu niliuacha Makunduchi, ndani ya majivu
ambayo mama aliyazoa mekoni akaenda kuyamwaga njia panda,
huku wanaume wakitandikana kwa migomba
watoe vinyongo vyote, kisibaki cha kuvuka nacho.
Siku mia tatu na sitini na tano, kumi kumi, mwongo kwa mwongo,
mama alizihesabu kwa vidole, na vidole vilimtosha.
Miye nilipotewa mwongo wa ngapi, sijui.

"Vipi, hukijui?" kijana akauliza.
Nikaminya: MWAKA UMEKOGA.
Herufi ya mwisho ikagusa ukingo, ikainama.
Akaisoma silabi kwa silabi, akakosea, akarudia,
akalipa riali tatu,
akatoka ameikumbatia keki, joto likamlaki.

Bwana Sukumaran akataka kujua huu ni mwaka wa nani tena.
Nikamwambia.
Akapangusa mikono, akaliendea friji
palipobandikwa orodha ya miezi na kilo za sukari,
akaongeza mstari kwa herufi za kwao, huku akisoma:
Julai, keki moja.

"Mbili," nikasema.